Figo iliyorudi bila barua

Tuanzie uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mgonjwa wetu ni mwalimu mstaafu wa Kibosho. Nimemtunga mimi ili tuwe na mtu wa kumfuata, ila kila kitakachompata humu kinawapata watu kweli. Wiki tatu zilizopita alipandikizwa figo nje ya nchi. Figo ilitoka kwa kijana aliyetafutwa na dalali, na kwenye makaratasi kijana huyo akaandikwa kuwa ndugu wa ukoo. Familia iliuza kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, kundi la WhatsApp la mchango likamalizia palipopungua. Sasa amerudi, rangi imemrudia usoni, na watu wamekuja na Noah mbili kumpokea. Kinachowatia shaka ni mguu wa kulia. Umevimba kuanzia pajani na kiatu kimekataa kuingia.

"Ni ndege hiyo," anasema shemeji mtu. "Saa zote hizo umekaa tu." Wote wanakubaliana kuwa ni ndege.

Usiku mkojo unapungua. Asubuhi yuko hospitali, iwe Moshi au Arusha haijalishi, na daktari anaomba barua kutoka kwa waliompasua. Inatolewa karatasi moja yenye jina la mgonjwa, orodha ya dawa, na mstari unaosema upasuaji ulikwenda vizuri. Basi.

Mazungumzo yetu kuhusu figo za kununua kwa kawaida huishia kwenye dhambi na sheria. Hayafiki kwenye huu mguu, na mimi nadhani mguu ndio penye somo.

Ugeni wa figo si kosa

Wengi, hata wasomi, huamini figo ya asiye ndugu inasumbua kwa sababu "damu haziendani". Zamani imani hiyo ilikuwa na uzito. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, kati ya mapacha wa kufanana, kwa kuwa mwili wa pacha hauna sababu ya kukikataa kiungo cha mwenzake. Joseph Murray, aliyeongoza upasuaji ule, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo zikaja dawa za kushusha kinga: saiklosporini katika miaka ya 1980, kisha takrolimasi. Hesabu ikabadilika. Leo mke humpa mumewe figo, nao kwa damu hawana undugu wowote, na figo hiyo hudumu karibu sawa na ile mzazi anayompa mwanawe. Kinachotakiwa ni makundi ya damu yakubaliane, mpokeaji apimwe kama tayari ana kingamwili dhidi ya chembe za mtoaji, na mtoaji mwenyewe awe mzima.

Kwa hiyo ukisikia figo ya kununua imeharibika, acha kwanza habari ya ilitoka kwa nani. Uliza mtoaji alipimwa kwa siku ngapi, mgonjwa alikaa wodini muda gani, na maandishi yako wapi. Biashara hii huishi kwa haraka na kwa siri. Upandikizaji unataka kumbukumbu na ufuatiliaji wa miaka.

Jinsi figo inavyounganishwa

Aliyekulia Uchaggani anaujua mfongo, ule mfereji wa kienyeji unaochepusha maji ya mto huko juu na kuyaleta vihambani. Figo mpya inafanyiwa kazi ya namna hiyo. Zile mbili za zamani kwa kawaida haziondolewi, hubaki mgongoni zilipo, jambo ambalo huwashangaza wengi. Mpya inalazwa mbele, chini ya tumbo upande mmoja, kwenye uvungu wa nyonga, na mgonjwa mwembamba anaweza kuipapasa kwa vidole. Ateri yake inashonwa kwenye ateri kubwa iendayo mguuni ili damu iingie. Vena yake inashonwa kwenye vena kubwa inayorudisha damu kutoka mguuni. Kisha ureta, ule mrija wa mkojo, unaunganishwa na kibofu. Damu ikishafunguliwa, figo iliyokuwa ya kijivu hugeuka waridi, na mara nyingi mkojo huanza kutiririka mgonjwa akiwa bado mezani.

Viungio viwili kati ya hivyo vitatu viko kwenye njia ya damu ya mguu. Ndiyo maana mguu unaovimba upande ule ule wa figo hauwezi kuachiwa ndege.

Wanaoshukiwa ni wanne

Wa kwanza ni damu iliyoganda ndani ya vena. Mtu katoka kupasuliwa, kalala sana, kisha kasafiri saa nyingi akiwa amekunja magoti. Kila kitu kinaelekeza huko.

Wa pili ni limfu, yale maji maangavu ya mwili yanayopita kwenye vijishipa vyake yenyewe. Mpasuaji anapoifunua ile mishipa mikubwa ya nyonga, hukutana na vijishipa vyembamba vya limfu vilivyoizunguka. Kila kimoja kinatakiwa kufungwa. Visipofungwa vizuri, maji ya limfu hujikusanya kando ya figo, kwa kawaida kuanzia wiki ya pili hadi mwezi wa sita. Bwawa hilo likikandamiza vena, mguu unavimba. Likikandamiza ureta, mkojo unapungua na kreatinini, taka ya damu ambayo figo hupaswa kuitoa, inapanda. Likikandamiza kibofu, mgonjwa anakwenda haja ndogo kila nusu saa na kudhani figo imechangamka.

Wa tatu ni mkojo unaovuja pale ureta iliposhonwa. Wa nne ni damu iliyovuja baada ya upasuaji ikakusanyika mahali pale pale.

Ultrasaundi, ambayo haina uhaba Moshi wala Arusha, itaonyesha haraka kama kuna maji kando ya figo, kama figo imetanuka kwa mkojo uliozuiliwa, na kama damu inapita kwenye vena. Ila maji ni maji. Kwenye picha limfu na mkojo vinaweza kufanana kabisa. Hapo hutumika mbinu rahisi ambayo mimi huipenda kwa uzuri wake. Daktari anachoma sindano, anavuta maji kidogo na kuyapima kreatinini, kisha anapima na damu ya mgonjwa. Vipimo viwili vikilingana, hiyo ni limfu. Ya kwenye maji ikiwa juu mara nyingi kuliko ya kwenye damu, huo ni mkojo.

Tofauti hii inaamua kila kitakachofuata. Limfu inaweza kuwekewa mrija wa kuitoa, au kufunguliwa kidirisha iingie tumboni ambako mwili utainyonya wenyewe; kuivuta kwa sindano tu mara nyingi hairidhishi, hurudi. Mkojo unaovuja unaweza kumrudisha mtu chumba cha upasuaji. Damu iliyoganda inataka dawa ya kuyeyusha na kuzuia kuganda, na dawa hiyo hiyo akipewa mwenye damu inayovuja ndani utakuwa umemwaga petroli motoni.

Sasa ile barua. Barua kamili ingesema figo ilikuwa ya kushoto au ya kulia, ilikuwa na ateri ngapi, ureta ilishonwa vipi, mrija wa kutolea majimaji ulikaa siku ngapi na ulitoa kiasi gani, na kama mgonjwa alirudishwa kupasuliwa mara ya pili. Kwa maelezo hayo daktari wa Moshi angeanza na mshukiwa mmoja au wawili. Bila hayo anaanza na wote wanne, saa zinakwenda, na figo inabanwa.

Kuna jambo jingine la hatari ambalo ni la kimya. Figo iliyopandikizwa imekatwa neva zake. Mtu mwenye jiwe kwenye figo yake ya asili hugaagaa kwa maumivu. Figo ya kupandikizwa ikizibwa inaweza isiume hata kidogo. Dawa za steroidi, ambazo nazo hushusha kinga, huficha homa. Mgonjwa atakwambia anajisikia vizuri tu, huku kreatinini imepanda mara mbili. Kwa hiyo vipimo vya damu vya kila wiki katika miezi ya mwanzo ndiyo macho pekee aliyonayo.

Wa mwisho wa mfereji

Kwenye mfongo, shamba la mwisho ndilo la kwanza kukauka. Ureta iko hivyo hivyo. Kwa mtu wa kawaida hupata damu kutoka juu, katikati na chini. Ikishahamishwa na figo, hubaki na damu inayotoka juu tu, kwenye figo yenyewe, na mara nyingine inategemea ateri ndogo inayoingilia ncha ya chini. Watu wengi wana ateri za ziada namna hiyo. Mtoaji aliyepimwa vizuri amepigwa picha ya CT ya mishipa, na mpasuaji anajua idadi kabla hajashika kisu. Kwa mtoaji aliyepimwa haraka haraka, ile ndogo inaweza kukatwa ikidhaniwa haina kazi. Siku chache baadaye ncha ya ureta inakufa na mkojo unamwagikia ndani. Ikipona nusunusu, miezi mbele inabaki kovu linalobana.

Ili kuilinda sehemu hiyo, wapasuaji wengi huacha ndani kijimpira chembamba, kinachojikunja ncha zote mbili, kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Ni kitu kizuri, hupunguza kuvuja na kubana. Lakini ni cha muda: kwa kawaida hutolewa ndani ya wiki chache kwa kamera inayopitishwa njia ya mkojo, bila kupasua. Wagonjwa waliorudi bila barua hawajui kama wanacho. Kijimpira kikisahaulika, chumvi za mkojo hukiganda kama zinavyoganda kwenye birika la chai, bakteria hujenga humo, UTI hairudi nyuma kwa antibiotiki yoyote, na hatimaye kinaweza kuvunjika kikivutwa. Mtu anaweza kutibiwa UTI mwaka mzima pale mjini na asitokee wa kumuuliza swali hilo. Picha ya kawaida ya X-ray ya tumbo huwa inatosha kukionyesha.

Matatizo ya ateri nitayapitia haraka. Ateri ikiziba ghafla, huwa ni siku za mwanzo kabisa, mgonjwa akiwa bado huko huko, na mara nyingi figo haiokoki. Ikibana polepole kwenye mshono, huwa kati ya miezi 3 na miaka 2. Presha inapanda na kugoma kushuka kwa dawa, miguu inajaa maji. Mtego uko kwenye dawa za presha kama kaptoprili na losatani: mwenye ateri iliyobanwa akianzishiwa dawa hizo, kreatinini inaweza kuruka. Muuza duka la dawa muhimu mtaani hana namna ya kulijua hilo, na si kosa lake.

Vidonda, fangasi na kifua kikuu

Mshono wa mtu anayemeza steroidi hupona polepole, na wagonjwa wengi wa figo wana kisukari tangu awali. Usaha na ngiri ya kwenye kovu ni mambo yanayotokea hata kwenye vituo bora. Waliopandikizwa kibiashara huongezewa vijidudu vya wodi zilizojaa, vikiwemo bakteria sugu kwa antibiotiki kali kabisa, na fangasi. Fangasi wakikaa kwenye kiungio cha ateri huila kuta zake hadi zinavimba kama puto. Ikifika hapo mara nyingi figo hutolewa ili kuokoa uhai wa mtu.

Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya wagonjwa karibu 130 wa Umoja wa Falme za Kiarabu na Oman walionunua figo Bombay. Karibu mmoja kati ya watano hakuuvuka mwaka wa kwanza, na baadhi yao walirudi na VVU. Dawa na vipimo vimekwenda mbele tangu hapo, lakini kipimo hakimsaidii mtu ambaye hakupimiwa mtoaji, au aliyepimiwa mtoaji mwenye maambukizi ya wiki iliyopita yasiyoonekana bado kwenye damu. VVU, homa ya ini B na C: vyote hupita na figo.

Kwetu kuna la ziada. Kifua kikuu kipo, na hospitali ya Kibong'oto pale Siha imekuwa ikikitibu tangu enzi za wazee wetu. Mtu aliyeshushwa kinga hukipata kirahisi zaidi, au kile kilichokuwa kimelala ndani yake kinaamka. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya TB, huyafanya maini yaisage takrolimasi haraka mno, kiwango kinaporomoka, na mwili unaanza kuikataa figo. Tatizo linatibika: kipimo cha dawa kinapandishwa, au rifampisini inabadilishwa na dawa ndugu yake, na takrolimasi inapimwa mara kwa mara. Sharti ni kliniki ya TB ijue kwamba mgonjwa ana figo ya kupandikizwa. Aliyeificha kwa hofu ya kuulizwa alikoipata ndiye anayeipoteza. Dawa nyingi za fangasi hufanya kinyume, hupandisha takrolimasi hadi ikageuka sumu kwa figo yenyewe. Na zile chupa za mitishamba za stendi, naomba niziache hapo hapo stendi.

Kwa nini watu bado wanakwenda

Nisije nikaonekana namhukumu mwalimu. Kwa ambaye figo zimekufa, kusafisha damu kwa mashine ni mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, maisha yote. Sisi wa kanda hii tunajua mtu aliyechoka kuugua anavyofanya: mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Dalali wa figo anauza kitu kile kile, matumaini yenye tarehe, ila yake ina bei ya kihamba.

Huku nyuma sheria zimekaza. India ilipiga marufuku biashara ya viungo kwa sheria ya mwaka 1994. Mhindi haruhusiwi kumpa mgeni figo isipokuwa ni ndugu wa karibu, na kamati maalumu lazima iidhinishe. Pakistan ilifuata 2007, Ufilipino ikawafungia wageni 2008, mwaka ule ule wataalamu wa dunia walipotoa Azimio la Istanbul dhidi ya utalii wa viungo, yaani kusafiri kwenda kununua kiungo. Biashara haikufa, ilihama. Mwaka 2025 ilibisha hodi jirani: Kenya ilisimamisha upandikizaji kwenye hospitali moja binafsi ya Eldoret na kuunda kamati ya kuchunguza tuhuma za kuuziana figo. Kila sheria inapokaza, undugu wa kughushi unaongezeka, na undugu wa kughushi unaharibu tiba moja kwa moja. Ukishadanganya kuwa mtoaji ni ndugu yako, huwezi kueleza historia yake ya magonjwa, naye hawezi kueleza yake bila kuharibu dili.

Njia ya wazi ipo, ingawa si ya kila mtu. Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza Machi 2018, zote kwa watoaji walio hai wanaotoka katika familia. Ugumu ni kumpata ndugu anayefaa na aliye tayari, na hapo familia nyingi hukwama kwa hofu kuliko kwa vipimo. Ndugu anaogopa kuwa hatazaa, hatalima, atakufa mapema. Mtoaji aliyechunguzwa vizuri huishi kwa figo moja kama kawaida, akipima presha na mkojo kila mwaka. Kikao kimoja cha ukoo na daktari wa figo kinaweza kufanya kazi ambayo kundi la mchango haliwezi.

Na aliyekwisha kwenda, akarudi? Atibiwe. Daktari hana kazi ya upolisi kwa mgonjwa wake, na kumkaripia mtu mlangoni kunamfanya arudi nyumbani na mguu wake. Amwambie daktari kila kitu, hata yale ambayo dalali alimwambia asiseme. Aombe hospitali iliyompasua impe maelezo ya upasuaji, matokeo ya vipimo vya virusi vya mtoaji na vyake mwenyewe, na tarehe ya kutoa kijimpira. Hata kwa barua pepe, hata kwa picha ya simu. Siku za mwanzo hujibu. Baada ya miezi, namba huwa hazipatikani.

Mwalimu wetu alikuwa na bwawa la limfu. Liliwekewa mrija, mguu ukashuka, mkojo ukarudi, X-ray ikaonyesha kijimpira kikiwa bado ndani na kikatolewa wiki iliyofuata. Karatasi moja haitapatikana, ile ya kijana. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya mahojiano na watu 305 waliouza figo Chennai: 96 kati ya kila 100 waliuza ili kulipa madeni, wastani walipokea dola 1,070, kipato cha familia zao kikashuka kwa theluthi, na 86 kati ya 100 walisema afya yao imedhoofika. Kwenye mpango wa wazi, mtoaji akigundulika mwakani na saratani au TB, hospitali inampigia mpokeaji simu. Huyu wa mwalimu akiugua, hakuna anayejua ampigie nani Kibosho.